Nimepandisha kompyuta Windows 11, sasa pembetatu ya njano haibanduki

#1 BintiKisauni
Hamjambo wenzangu.

Nina saiba ndogo huku Kisauni: kompyuta nne, fotokopi moja na mashine ya kukata stika. Tangu Windows 10 ifikie mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025 nimekuwa sina raha, maana kwenye mashine hizi watu wanajaza kodi, wanafungua benki, wanachapisha vyeti vya watoto. Juma lililopita nikaita fundi aipandishe ile ya kaunta iwe Windows 11. Alianza adhuhuri, akamaliza magharibi yaingia. Akaniachia mashine safi, akalipwa, akaenda zake.

Asubuhi yake naja kufungua, nakuta kile kingao kilicho chini kulia, karibu na saa, kimebandikwa pembetatu ya njano. Nabofya, yaniambia ulinzi wa LSA umezimwa na kifaa changu huenda kiko hatarini. Nawasha. Yaniambia nianzishe upya. Naanzisha. Yarudi na pembetatu yake ileile, na yaniambia tena nianzishe upya. Mara saba nimehesabu, ya saba wateja watatu wamesimama wananitazama.

Hiki ni kirusi, ni sasisho bovu, au fundi kalipua kazi? Simu yake haishikwi.

#2 Pweza_wa_Tudor
Fundi hashiki simu? Uzi ufungwe, jibu lishapatikana.

#3 Nahodha
Dada usihangaike, hiyo ni hadithi ya zamani. Machi 2023 Microsoft walitoa sasisho la Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, KB5007651, na watu wengi wenye Windows 11 wakaanza kulia kilio hichohicho: washa, anzisha upya, washa, anzisha upya. Wenyewe walikiri kwamba ulinzi ukishawashwa unafanya kazi, onyo ndilo lililokuwa likisema uwongo.

Usiiulize pembetatu, iulize mashine. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, tafuta chanzo kiitwacho Wininit, tukio namba 12. Ukikuta mstari unaosema lsass.exe, yaani programu ya hiyo LSA, imeanza ikiwa imelindwa, kiwango cha 4, basi umelindwa. Lala usingizi.

#4 MamaAchari
Jamani LSA ndiyo nini? Mwatuacha nje sisi wauza achari.

#5 Fundi_si_yule
Mama, LSA ni bawabu wa Windows. Ukiandika nywila yako asubuhi yeye ndiye anayeihakiki, halafu anabaki na funguo mfukoni ili usiulizwe tena kila mlango. Mwaka 2011 Mfaransa mmoja, Benjamin Delpy, alitoa programu inayoitwa Mimikatz kuonyesha kwamba mtu akishapata madaraka ya msimamizi kwenye mashine, anaweza kumpekua bawabu huyo na kutoka na nywila za wenyewe. Ulinzi huu ulikuja na Windows 8.1: bawabu anafungiwa ndani ya kibanda, hapekuliwi na kila anayepita.

Mimi pia ni fundi. Jina langu lajieleza.

#6 Mwanamaji_Ganjoni
Nahodha (#3) umesema kweli ila umeisema nusu. Ile kasoro ya 2023 ilikuwa ya matoleo 21H2 na 22H2. Leo mtu akipandisha anaangukia 24H2 au 25H2. Huwezi kumwambia alale kwa dawa ya homa ya mwaka juzi. BintiKisauni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utuambie.

#7 Likoni_Juu
Naandika nikiwa kwenye foleni ya feri kwa hiyo nina wakati. Mashine ni ya mwaka gani? Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ukaguzi wa programu zinazowasha mashine), na kwa upande wa Intel kizazi cha nane kwenda juu. Saiba nyingi hapa mjini zina mashine za mitumba za kizazi cha nne, cha sita. Kama yako ni ya namna hiyo basi fundi ameipitisha dirishani kwa flashi ya Rufus, ambayo inaondoa masharti hayo. Chipu ya usalama hakuna, ulinzi utawakaje? Andika tpm.msc uone.

#8 BintiKisauni
Ahsanteni. Nimefanya yote.

winver: 24H2.
tpm.msc: inasema TPM inayofaa haikuonekana. Prosesa ni ya kizazi cha sita, nimesoma kwenye stika ya pembeni.
Tukio namba 12: nimeliona moja tu, la siku ile fundi alipokuwapo, jioni. Baada ya hapo sioni kitu, na nimewasha mashine hii zaidi ya mara ishirini.

Na kuna jambo jingine. Chini ya hilo la LSA kuna sehemu nyingine inaitwa Memory integrity, nayo imezimwa, yasema kuna draiva (programu ya kuendeshea kifaa) isiyopatana nayo. Jina la faili ni kama paka kakanyaga kibodi, linaishia .sys, la mwaka 2012.

#9 Fundi_si_yule
Likoni_Juu, flashi ya Rufus naikubali, lakini TPM usiisingizie. Ulinzi wa LSA ulikuwako tangu 2013 kwenye mashine ambazo hazikuwa na chipu hiyo hata kwa dawa. Hauihitaji. Tatizo la mashine isiyotimiza masharti ni jingine: Microsoft hawatoi ahadi kwamba sasisho zitaendelea kuja. Leo zaja, kesho usishangae.

#10 Likoni_Juu
Sawa, nimekubali nusu. Nusu nyingine nimebaki nayo, feri imefika.

#11 Bahari_Kuu
Nenda kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows, hufunguliwa kwa regedit), HKLM, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Lsa. Tengeneza RunAsPPL uipe thamani 1. Anzisha upya. Kwisha.

#12 Mwanamaji_Ganjoni
Bahari_Kuu, hapana! Ukiweka 1 kwenye mashine yenye Secure Boot, mpangilio unajifunga mpaka ndani ya UEFI (bayosi ya kisasa, programu ya ubao inayoamsha mashine), na siku ukitaka kuuondoa utalia. Kurudi kwenye rejista na kufuta hakutoshi. Mtu wa kawaida aweke 2, ambayo haifungi. Na kabla ya kugusa rejista hamisha nakala yake kwanza. Watu wanatoa ushauri wa rejista kama wanaokuelekeza duka la kahawa.

#13 Bahari_Kuu
Yeye Secure Boot yake imezimwa, mwasema wenyewe kapitishwa dirishani.

#14 Mwanamaji_Ganjoni
Hakuna aliyesema imezimwa. Tumesema TPM haionekani. Soma.

#15 Mzee_wa_Makupa
Vijana mwakimbia sana. Binti, nikuulize swali la kizee: ukiwasha mashine asubuhi, kabla hujaingia intaneti, saa yako yasemaje?

#16 BintiKisauni
Mzee shikamoo. Saa iko sawa, naitazama kila siku.

#17 Mzee_wa_Makupa
Marahaba. Iko sawa kwa sababu intaneti ikishashika, Windows yairekebisha yenyewe. Wewe wafungua duka, wapiga deki, wakaa kitini saa imeshanyooka. Kesho chomoa waya wa mtandao kwanza ndipo uwashe.

#18 Mwalimu_Sanifu
Samahani kuingilia. Neno ni tarakilishi.

#19 Pweza_wa_Tudor
Mwalimu, tarakilishi ikiharibika nayo huitiwa fundi yuleyule asiyeshika simu.

#20 BintiKisauni
Mzee wa Makupa, wallahi nimeogopa. Nimewasha bila waya, yasema ni Januari 2018. Mashine hii nimeinunua 2022!

Nikarudi kwenye yale matukio, nikayapanga upya kwa tarehe. Kule chini kabisa, kwenye Januari 2018, kuna matukio namba 12 kumi na moja yamejificha. Yaani ulinzi ulikuwa unawaka siku hizo nami naapa haupo.

#21 Nahodha
Si nilisema? Ulinzi upo, onyo ndilo uwongo. Nani alicheka homa ya mwaka juzi?

#22 Mwanamaji_Ganjoni
Kumi na moja kati ya ishirini na zaidi, Nahodha. Nyingine zimekwenda wapi?

#23 Mzee_wa_Makupa
Betri ya bayosi imekufa. Kile kidude cha mviringo kama sarafu, CR2032: upana milimita 20, unene 3.2, ndiyo maana ya namba zake. Kizima ni volti 3. Umeme ukikatika, au ukizima swichi ya ukutani usiku kama wafanyavyo wenye saiba wote, ubao unasahau saa na wakati mwingine unasahau na mipangilio ya bayosi. Hapo Secure Boot leo imewashwa kesho imezimwa, na Windows yaamka kila siku kwenye nyumba tofauti.

Nilikuwa na mteja Bondeni, brauza ilimkatalia kila tovuti, cheti hiki hakijaanza kutumika, cheti kile si salama. Amebadilisha brauza tatu, amefomati mara mbili, amelipa mafundi wawili. Nilikwenda na betri mfukoni.

#24 Nuru_Linux
Kisa kama hicho nilikipata mimi, ila betri yangu ilikuwa nzima. Nina Linux na Windows kwenye lapi moja. Linux huweka saa ya ubao kwa UTC (saa ya dunia, nyuma yetu saa tatu), Windows huisoma kama saa ya hapa, basi kila nikitoka huku kwenda kule natofautiana saa tatu kamili.

#25 Pweza_wa_Tudor
Saa tatu si kitu. Ingekuwa saa sita ningesema imeanza kusoma saa za Kiswahili.

#26 MamaAchari
Huyo kijana apewe kahawa tungu, nimecheka mpaka ukwaju umemwagika.

#27 BintiKisauni
Nimefungua kasha. Vumbi la huko ndani ningeotesha mchicha. Betri iko upande wa chini, karibu na kadi, na ukingoni imeota ukungu wa kijani kama senti iliyookotwa ufuoni. Nimeikwangua kwa kucha, ukabaki kidoleni. Jirani wa redio kanipimia: volti 1.9. Mpya nimepata Mwembe Tayari, shilingi mia. Saa sasa inakaa hata nikichomoa ukutani.

Pembetatu ipo.

#28 Likoni_Juu
Chumvi. Hii hewa ya bahari inakula mpaka vitasa, itaiacha betri?

#29 Fundi_si_yule
Pembetatu sasa yasema LSA au yasema ile ya pili, Memory integrity? Kingao hakibagui, yeyote anayelalamika ndani kinavaa njano. Watu hapa mnatibu magonjwa mawili kwa kidonge kimoja.

#30 BintiKisauni
Ngoja… LSA imenyamaza tangu nibadilishe betri. Lililobaki ni la Memory integrity na lile faili la paka.

#31 Bahari_Kuu
Draiva ya printa hiyo. Ing'oe.

#32 Fundi_si_yule
Si lazima iwe printa. Draiva za printa za kawaida siku hizi hazikai ndani ya keneli (kiini cha Windows), na Memory integrity yachunguza vinavyokaa ndani ya keneli tu. Wenye makosa mara nyingi ni vile vidude vya kugeuza USB kuwa tundu la siriali, diski za nje za zamani, na funguo za USB za programu za uhasibu. Binti, hiyo mashine ya stika umeiunganisha kwa nini?

#33 BintiKisauni
Kwa kawaya kafupi cha buluu, upande mmoja USB, upande wa pili tundu lenye sindano tisa.

#34 Fundi_si_yule
Nimemaliza.

#35 Kadzo_K
Mimi nasema mmekosea nyote. Hivi hivi ilinitokea dukani kwetu na haikuwa betri wala waya. Fundi wetu alitumia programu ya kuchezea leseni ili Windows iamini imelipiwa. Ili Defender isiikamate, akaiweka kwenye orodha ya vitu visivyochunguzwa. BintiKisauni ingia Virus & threat protection, Manage settings, shuka chini mpaka Exclusions. Usiguse kitu, tazama tu.

#36 BintiKisauni
Kuna kimoja. Kimeandikwa C:\ basi.

#37 Kadzo_K
Yaani nyumba nzima.

#38 Mwanamaji_Ganjoni
Huyu fundi hakuacha dirisha wazi, ameng'oa ukuta. Defender ipo, ngao ipo, lakini imeambiwa isitazame chochote kilichomo kwenye diski. Futa hiyo sasa hivi kisha uendeshe uchunguzi wa Defender wa nje ya mtandao. Mashine itajizima, itajiwasha, itachukua kama dakika 15.

#39 Pweza_wa_Tudor
Pale Ngomeni, Fort Jesus, Waomani walizingira karibu miaka mitatu, 1696 mpaka 1698, ndipo Mreno akatoka. Fundi huyu angewafungulia kabla ya alasiri.

#40 Mwalimu_Sanifu
Na walioisha ndani walimalizwa zaidi na njaa na maradhi kuliko na mizinga. Hilo la historia nalikubali, la tarakilishi bado nalidai.

#41 Fundi_si_yule
Niseme la mafundi kidogo kabla hamjatuzika. Mteja anakuja na mashine ya mitumba, anataka Windows ya halali, ofisi ya halali, antivirusi ya halali, na mkononi ana bei ya viazi karai na soda. Ukimwambia leseni ni pesa nyingi anakwenda kwa wa jirani. Wa jirani anamwekea C:\. Simtetei, nasema tu nimeviona viazi hivyo.

#42 BintiKisauni
Nilimlipa elfu mbili na chakula cha mchana.

#43 Fundi_si_yule
Basi simtetei kabisa.

#44 Nahodha
Uchunguzi umesemaje?

#45 BintiKisauni
Umeokota kitu kimoja, jina laanza na HackTool na ndani yake limo neno KMS. Nimekiondoa. Sasa mashine yanidai leseni, maandishi ya kijivu pembeni ya skrini.

#46 Bahari_Kuu
HackTool hiyo ndiyo ya leseni tu, si kirusi. Umejitia hasara.

#47 Kadzo_K
"Tu"? Aliyeingia mlango wa nyuma kuleta sukari hakufunga aliporudi. Kwa siku zile zote diski ilikuwa haichunguzwi, nani ajuaye kilichoingia nyuma yake? Mimi ningefomati. Na nywila zote zilizoandikwa hapo zibadilishwe, kutoka mashine nyingine.

#48 Mwanamaji_Ganjoni
Nakubaliana na Kadzo kwa nywila. Kufomati ndiyo njia ya uhakika, ila kama hatabadilisha mashine, atafomati aweke nini? Windows 11 haimtambui, Windows 10 ina zile sasisho za ziada za usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila pesa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft. Hata hakuhitaji kukimbia, angekaa kwenye 10 akajipanga.

#49 Nuru_Linux
Aweke Linux. Nimesubiri machapisho arubaini na nane kulisema.

#50 BintiKisauni
Nuru, na stika nitakata kwa meno?

#51 MamaAchari
Jamani na mimi nina swali. Kwangu pembeni kulia yatokea kikaratasi, "virusi 5 vimepatikana, piga namba hii haraka". Ndilo hilohilo?

#52 Mzee_wa_Makupa
Usipige mama! Hilo halitoki Windows. Maonyo ya Microsoft yenyewe hayabebi namba ya simu, hata siku moja. Kuna tovuti ilikuomba ruhusa ya kutuma arifa, nawe ukabonyeza kukubali ukidhani wakubali kusoma habari. Fungua Chrome, mipangilio, arifa, uitafute uifute. Ami yangu Mtwapa alipiga namba hiyo. Alikaa saa nzima na mtu mpole sana, akamfungulia mashine yake mwenyewe kwa mkono wake.

#53 MamaAchari
Nimefuta tovuti tisa. Moja ni ya ndoto na tafsiri zake, hiyo nakumbuka niliikubali.

#54 Likoni_Juu
Mimi bado nasema ni TPM.

#55 Pweza_wa_Tudor
Feri imerudi.

#56 Mwanamaji_Ganjoni
Kwa haki, kuna jambo jingine halijatajwa. Vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vinaanza kuisha Juni 2026, na mashine zinapewa vya 2023 kupitia sasisho. Mashine kuukuu zenye bayosi isiyosasishwa zinaweza kukwama hapo. Sisemi ndicho kisa cha Binti, ila msije mkashangaa.

#57 Nahodha
Hapo umetupa nyavu kwenye bahari nyingine.

#58 BintiKisauni
Nimerudi baada ya siku nne. Niliing'oa draiva ya ule waya wa buluu, nikawasha Memory integrity, nikaanzisha upya. Kingao kikawa kijani, tiki safi. Siku mbili nimekaa nakitazama kama mtoto aliyelala.

Siku ya tatu akaja kijana wa matatu anataka maandishi ya kioo cha nyuma, futi nne, rangi ya dhahabu, gari linatoka saa kumi. Nimechomeka waya, mashine ya stika haionekani. Nimetafuta draiva mpya, ya waya wangu hakuna. Nimeirudisha ya 2012. Nikazima Memory integrity. Nikakata. Pembetatu ikarudi mahali pake.

Kisha jana usiku LSA nayo ikalalamika mara moja, na betri ni mpya. Asubuhi ikanyamaza. Hapo sielewi.

Kwa sasa mashine ya kaunta ni ya stika tu, mteja haigusi na haiingii benki. Nywila nimebadilisha kwa simu. Kodi wanajazia zile tatu za ndani, ambazo bado ni Windows 10, nimeziandikisha kwa zile sasisho za mwaka mmoja.

#59 Mzee_wa_Makupa
Umeme ulikatika jana usiku upande wa huko?

#60 BintiKisauni
Ulikatika mara mbili, mzee. Lakini si nimebadilisha betri?

#61 Mzee_wa_Makupa
Hebu ipime tena. Za shilingi mia nazijua.

#62 Kadzo_K
Au ni kile kilichoingia kabla hujafuta C:\. Fomati.

#63 Fundi_si_yule
Au ni draiva ya 2012. Nunua waya mpya wenye draiva ya leo, uone kama vyote viwili havitanyamaza.

#64 BintiKisauni
Nitanunua mwisho wa mwezi. Ila habari ya leo: fundi kapiga simu!

#65 Pweza_wa_Tudor
Kasemaje???

#66 BintiKisauni
Hakuuliza mashine. Aliuliza kama nimeiona flashi yake nyekundu, asema aliisahau. Nimetazama nyuma ya kompyuta ya kaunta, kweli ipo, bado imechomekwa.

#67 Kadzo_K
BINTI. Ichomoe.